"That" iwepo au iondoke? Tulinganishe sentensi za Kiingereza zenye kiunganishi na zisizo nacho

Wiki iliyopita nilikaa na muhtasari wa kikao cha saccos moja, uliotafsiriwa kwa Kiingereza ili mfadhili ausome. Sentensi ya tatu iliandikwa hivi: "The treasurer confirmed the loan of two members had not been paid." Meneja aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "members" sauti ikashuka, kama ya mtu aliyemaliza sentensi. Kisha akakutana na "had", akasimama, akarudi mwanzo. Kichwani mwake mhazini alikwisha kuthibitisha mkopo, mambo yameisha. Sasa mkopo ule ule ndio haujalipwa? Nikachukua kalamu, nikaingiza neno "that" baada ya "confirmed". Akasoma tena, safari hii bila kukwama.

Shuleni wengi tuliambiwa kwamba "that" linaweza kuachwa, na somo likaishia hapo. Tukaachwa tukiamini kuwa kuliweka ni kuandika kirasmi na kuliondoa ni kuongea kawaida, basi. Mimi nahariri tafsiri kila siku, na naona urasmi ni sehemu ndogo tu ya jambo hili. Kinachoamua hasa ni neno linalofuata baada ya kitenzi: je, msomaji atalitambua mara moja kuwa linaanza kishazi kipya, au atalidhania kuwa mwisho wa kile cha kwanza?

Kiswahili nacho kina uhuru wa aina hii. "Nadhani atakuja" na "Nadhani kwamba atakuja" zote tunazisema. "Kwamba" limezaliwa na kitenzi kuamba, yaani kusema, kitenzi ambacho bado kinaishi kwenye mashairi na lahaja za pwani. "That" la Kiingereza lilianza kama neno la kuonyesha, sawa na "hilo" au "lile" letu. Asili ni mbili tofauti, kazi ni moja: kumwambia msikilizaji kuwa maneno yanayokuja ndiyo yaliyosemwa au yaliyofikiriwa.

Tofauti inayotuponza iko kwenye vitenzi. Ukisema "Mhazini alithibitisha mkopo wa wanachama wawili haujalipwa", kile kiambishi u- ndani ya "haujalipwa" kinamrudisha msomaji kwenye mkopo papo hapo. "Had not been paid" haina alama yoyote ya namna hiyo. Kiingereza hutegemea nafasi ya neno: nomino ikisimama tu baada ya kitenzi, jicho huichukua kuwa yambwa, yaani kile kilichotendwa. Kwa hiyo hisia zetu za Kiswahili zinatuambia "kwamba" si lazima, tunazihamishia kwenye Kiingereza, na wakati mwingine zinatudanganya.

Baada ya "say", "think", "know"

Linganisha:

Na "that": "I think that the bus has left."
Bila "that": "I think the bus has left."

Maana haijabadilika hata chembe. Ya pili ndiyo wanayoisema Waingereza na Wamarekani katika mazungumzo, na kwa vitenzi vya kila siku kama "think", "say", "know", "hope", "believe" na "suppose" naipendekeza hata kwenye barua. Mtu anayeandika "I hope that you are fine and I think that you know that I am in Nairobi" hajakosea sarufi, ila anasikika kama anayesoma kutoka kwenye karatasi. Hali ni hiyo hiyo kwa vivumishi vya hisia: "I'm sure", "I'm glad", "I'm afraid". "I'm afraid we are late" inatosha kabisa.

Usalama mkubwa zaidi uko pale kishazi cha pili kinapoanza na "I", "he", "she", "we" au "they". "I know he is at home" haiwezi kumkwaza mtu, kwa sababu kama mtu huyo angekuwa yambwa ingekuwa "him". Umbo la neno lenyewe linatangaza kuwa ni kiima cha kishazi kipya. Hapo liondoe "that" bila wasiwasi. "You" na "it" hazina msaada huo, maana hazibadiliki, lakini kwa kuwa ni fupi, kitenzi hufika upesi na madhara hayaonekani.

Nomino ndiyo inayohitaji jicho. "I know the doctor is at home" inapita, japo kwa sekunde moja msomaji anadhani unasema unamfahamu daktari. Sasa irefushe: "I know the doctor who treated my mother at the district hospital is at home." Msomaji amebeba "namfahamu daktari" mkononi kwa maneno manane kabla ya "is" kumpokonya. Hapo "that" baada ya "know" inamwokoa. Kipimo changu ni hiki: kadiri safari ya kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili inavyorefuka, ndivyo "that" linavyohitajika. Na kama kitenzi cha kwanza ni cha aina inayopenda kuchukua nomino, mfano "confirm", "find", "understand", "accept", "read", "hear", mimi siliondoi kabisa kwenye maandishi ya kazi.

Neno la wakati likiingia katikati

Hapa ndipo nawasihi wanaotafsiri habari na mashauri ya mahakama wapunguze mwendo. Tazama:

"The minister said on Friday the road would be closed."

Waziri alisema siku ya Ijumaa, au barabara itafungwa siku ya Ijumaa? Sentensi haikuambii, na hakuna kiasi cha kuisoma tena kitakachokuambia. Weka kiunganishi, na mahali ulipokiweka ndipo panapobeba maana:

"The minister said on Friday that the road would be closed." Kauli ndiyo ya Ijumaa.
"The minister said that on Friday the road would be closed." Kufungwa ndiko kwa Ijumaa.

Dereva wa lori anayepanga safari anahitaji kujua ipi ni ipi. Shirika la habari la Marekani, Associated Press, kwenye mwongozo wake wa uandishi linawaruhusu waandishi kuliacha "that" pale kishazi kinapofuata mara tu baada ya "say", lakini linawataka waliweke neno la wakati likiingia kati. Linawataka pia waliweke kabla ya kishazi kinachoanza na "after", "because", "although" na ndugu zao, na baada ya vitenzi kama "declare", "estimate", "propose", "point out" na "state". Ukibaki njia panda, ushauri wao ni kuliweka, kwa kuwa kuliacha kunaweza kuharibu, na kuliweka hakuharibu. Nimeufuata ushauri huo miaka mingi na haujaniangusha.

Kuna "that" nyingine ambayo watu huiacha bila kujua wameacha nini: ile ya pili baada ya "and".

Bila: "The witness said the driver was drunk and the police let him go."
Na: "The witness said that the driver was drunk and that the police let him go."

Katika ya kwanza, nani anadai polisi walimwachia dereva? Huenda ni shahidi, huenda ni mwandishi anaongeza yake. Katika ya pili ni shahidi, hakuna ubishi. Kwenye taarifa ya mahakamani au ya uchunguzi, tofauti hiyo inaweza kumtwisha mtu maneno ambayo hakuyasema. Kwa hiyo hapa sina hiari ya kutoa: ukitaja mambo mawili yaliyosemwa na mtu mmoja, rudia "that". Kwa Kiswahili pia ndivyo tunavyofanya tukiwa makini: "alisema kwamba dereva alikuwa amelewa na kwamba polisi walimwachia."

Pale lisipoachika

Sentensi ikianza na kishazi chenyewe, "that" ni msingi wa nyumba. "That he came late is not the problem" ni sawa. Ukiondoa neno la kwanza unabaki na "He came late is not the problem", ambayo imevunjika. Baada ya nomino kama "fact", "news" na "claim" pia liache likae: "The news that he had died reached us at noon."

Halafu kuna "that" rejeshi, ambalo kwa sura ni lile lile ila kazi yake ni ya "ambacho" au "ambaye" wetu. Lina kanuni nyepesi kuliko zote. Angalia kinachofuata baada yake. Kikifuata kiima, una hiari: "the phone that I bought" na "the phone I bought" ni sawa, na ya pili ndiyo ya mdomoni. Kikifuata kitenzi, huna hiari: "the man that came yesterday is my uncle" haiwezi kuwa "the man came yesterday is my uncle". Sisi kwenye "simu niliyonunua" na "mtu aliyekuja" hatuwezi kudondosha rejeshi upande wowote, hivyo wanafunzi wengi hulishika "that" kila mahali kwa kuogopa. Hofu hiyo haina madhara. Lenye madhara ni kuongeza "it" mwishoni, "the phone that I bought it", kwa kuwa sisi tuna "simu niliyoinunua". Hilo "it" liondoke.

Pale ambapo ni lazima liondoke

Wengi hawaambiwi hili. Kuna mahali ambapo kuliweka "that" ndilo kosa.

"Who do you think called me?" ni Kiingereza safi. "Who do you think that called me?" karibu kila mzawa wa lugha hiyo ataikataa, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Lakini muulize kuhusu "Who do you think that Asha called?" na wengi wataipokea. Unapouliza kuhusu mtendaji wa kishazi cha pili, "that" halitakiwi. Unapouliza kuhusu mtendwa, linaruhusiwa. Wanaisimu wamelichambua jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwamo David Perlmutter, na mwaka 1977 Noam Chomsky na Howard Lasnik walilitolea maelezo yao. Kiswahili hakitubani hivyo, "Unadhani kwamba ni nani aliyenipigia?" inasikika sawa kabisa. Ndiyo maana kosa hili hutuponyoka bila kusikika masikioni mwetu. Njia fupi: kwenye maswali ya "Who do you think", acha "that" kila mara. Hutakosea kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kosa linalofanana nalo ni "He asked that where is the office." Kwetu "aliuliza kwamba ofisi iko wapi" husikika mitaani. Kwa Kiingereza neno la kuuliza lenyewe ndilo kiunganishi, hivyo ni "He asked where the office was."

"Although" pamoja na "but"

Kama ningeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, ningechagua hili. Tunasema bila tatizo, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Utaisikia redioni, utaisikia kwenye mahubiri, na kwa Kiswahili cha kila siku inaeleweka na kukubalika. Ikivukishwa ilivyo inakuwa "Although it rained, but we went", na mtahini wa Kiingereza anaikata kwa wino mwekundu. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja kwa jambo hilo:

"Although it rained, we went."
"It rained, but we went."

Ipi bora? Ya kwanza inamwekea msomaji tarajio tangu mwanzo. Anajua mvua si habari kuu, habari kuu inakuja. Naipenda kwenye ripoti na barua za maombi, mfano "Although I have not worked in a bank, I have kept the books of a cooperative for three years." Ya pili inaruhusu jambo la kwanza lisimame kwanza, kisha inaligeuza. Kwenye simulizi na mazungumzo "but" hushinda. Hali ni hiyo hiyo kwa "because" na "so": "Because he was late, so he missed the ferry" ina kimoja cha ziada. Ondoa chochote kati ya viwili, si vyote. Ukiondoa vyote viwili sababu inapotea na unabaki na matukio mawili yaliyokaa jirani.

"If" ikimezwa na kitenzi

Kwa upande huu Mswahili ana bahati, kwa sababu lugha yake imemzoesha. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" haina "kama" wala "ikiwa"; sharti lote limo ndani ya -sipo-. "Ningejua nisingekuja" ni vivyo hivyo. Kiingereza nacho kina njia ya kuitupa "if", kwa kupeleka kitenzi kisaidizi mbele ya kiima:

"If I had known, I would not have come." / "Had I known, I would not have come."
"If I were the chairman..." / "Were I the chairman..."
"If you should need help, call us." / "Should you need help, call us."

Njia hiyo inafunguka kwa visaidizi vitatu tu: "had", "were" na "should". Huwezi kusema "Do you need help, call us" ukimaanisha sharti. Na katika kukanusha usifupishe: ni "Had I not known", si "Hadn't I known", ambayo inageuka kuwa swali.

Tofauti yao na yetu ni uzito. "Ningejua" ni neno la jikoni, sokoni na kitandani kwa mgonjwa. "Had I known" limevaa kanzu. "Should you have any questions" ni la barua za ofisi na linapendeza hapo, hasa kwenye mstari wa mwisho kabla ya jina. Ukimwandikia rafiki "Should you arrive early, wait for me", atajiuliza kama mmegombana. Kwa ujumbe wa simu tumia "if". Kwa barua kwa mteja, "should" mara moja tu katika barua nzima.

"And", na nchi unayoiandikia

Hapa chaguo linafuata jiografia. Mwingereza anasema "go and see the doctor". Mmarekani anaweza kusema "go see the doctor". Kwetu "nenda kamwone daktari" imeimeza "na" ndani ya -ka-, hivyo ile ya Marekani inatukaa vizuri mdomoni. Ila inafanya kazi pale tu vitenzi vyote viwili viko katika umbo la kawaida lisilo na nyongeza. "He went saw the doctor" haipo, ni "He went and saw" au "He went to see."

Kwenye tarakimu zilizoandikwa kwa maneno pia. Uingereza, na kwetu kwa mazoea ya shule, ni "three hundred and fifty". Marekani "three hundred fifty" ni ya kawaida, na walimu wa hesabu wa huko huwaambia watoto waiweke "and" kwa ajili ya nukta ya desimali. Ukiandika hundi au mkataba, fuata nchi ya anayepokea.

Mtego wa mwisho kwa "and" ni mkato. Tunapenda kusimulia "Alifika, akabisha hodi, akaingia", na -ka- inashikilia matukio pamoja kama uzi. "He arrived, he knocked, he entered" inakubalika kwa kuwa ni vishazi vitatu vifupi vyenye mwendo mmoja, kama tafsiri ya Kiingereza ya maneno ya Kaisari, "I came, I saw, I conquered." Lakini vishazi viwili vilivyounganishwa kwa mkato pekee, "He was late, the gate was closed", huhesabiwa kosa kwenye mtihani. Weka nukta, au nukta mkato, au rudisha "and" au "so".

Turudi kwenye muhtasari wa saccos. Sentensi ya mwisho ilikuwa na "that" tatu: "The chairman said that he hoped that the members would agree that the fee should rise." Meneja alitaka zote zitoke, kwa sababu zilimchosha. Ya kwanza ilitoka mara moja. Baada ya "said" inafuata "he". Ya pili nayo ikatoka, maana "hope" haichukui nomino moja kwa moja, huwezi "hope" wanachama, kwa hiyo hakuna atakayepotea. Ya tatu nilikataa. Kwa Kiingereza cha Uingereza "agree the fee" ni usemi kamili, maana yake kukubaliana ada yenyewe, na mfadhili yule ni Mwingereza. Angefika "fee", akaona wanachama wamekwisha kukubaliana kiasi, halafu "should rise" ingemwangukia. Tukaipeleka hivi: "The chairman said he hoped the members would agree that the fee should rise."